Barua ya wazi: Ufuko wa Kilwa Kisiwani ndio bandari yenyewe

Kwa: Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya malikale, mazingira, misitu ya mikoko na bandari

Kutoka kwa: Manahodha, wavuvi, mafundi chokaa na waongoza wageni wa Kilwa

YAH: UFUKO ULIO MBELE YA GEREZA NA MSIKITI WA MALINDI, KILWA KISIWANI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mtatuwia radhi kwa kuandika hadharani. Barua za ofisini zimeandikwa, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, zikalala. Hatukusudii kumshitaki mtu. Shida ni kwamba kila hifadhi ya Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu mbele ya mji wa Kilwa Masoko, inapozungumzwa, mazungumzo huhamia kwenye kuta: ukuta upi umepasuka, kuba lipi limeanguka, mradi upi utaleta fedha. Ufuko hautajwi, au ukitajwa unatajwa kama uwanja wa mbele wa magofu. Sisi tunasema ufuko ule, ulio mbele ya ngome ya kale iitwayo Gereza na Msikiti wa Malindi, ndio bandari, na magofu yote mnayoyatunza yalizaliwa nao.

Mgeni anayeshuka pale leo hukuta mchanga, madau mawili matatu na kimya. Huuliza gati la kale lilikuwa wapi. Hapakuwa na gati, wala halikuhitajika. Mlango wa bahari kati ya kisiwa na Masoko una kina na umekingwa na upepo, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mtepe, chombo cha kale cha pwani hii, ulishonwa kwa kamba za kumbi bila msumari, ukavutwa na tanga la mkeka. Ubavu wake ulinyumbuka, hivyo haukuogopa kukaa nchi kavu. Nahodha aliingia na maji yaliyojaa, akaweka magadi, yaani miti ya kuegemeza chombo, pande zote mbili, akasubiri. Maji yakipwa, chombo kimekaa wima juu ya mchanga na makuli wanapakua kwa miguu mikavu. Maji yakirudi, kinaelea na kuondoka. Vyombo vizito vilitia nanga kilindini na kushusha kwa mashua. Kazi hiyo inataka vitu vitatu tu: mteremko wa polepole, mchanga mgumu usio na mawe, na ukingo wa mji usio mbali. Ndivyo vitu vitatu vinavyotutoka sasa.

Pepo nazo zilipachagua mahali hapa. Chombo kilichotoka Uarabuni au Uhindi kwa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kiliweza kufika Kilwa, kufanya biashara na kurudi kwa kusi, upepo wa kutoka kusini, ndani ya msimu mmoja. Kwenda kusini zaidi kulihatarisha safari ya kurudi. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, ililetwa hapa ikutane na wanunuzi. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mjenzi wa Husuni Kubwa, jumba ambalo lina ngazi za kushukia baharini. Sarafu ya sultani huyo imeokotwa Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 sarafu 5 za shaba za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Wareno walitua mwaka 1505 wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kwa mwaka. Mchanga uliopokea kauri za China ndio uliopakia watu. Na hilo nalo halifai kufunikwa kwa zege.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Ukingo unaliwa kutoka chini

Juu ya mchanga kuna ukingo wa udongo mweusi uliochanganyika na majivu, makombe, mifupa ya samaki, vigae na chokaa iliyoporomoka. Hilo ni jaa la mji, limerundikana tabaka juu ya tabaka kwa karne nyingi. Wimbi haliupigi ukingo kichwani, huula mguuni. Chini kukishatoboka, sehemu ya juu hubaki inaning'inia, imeshikwa na mizizi ya vichaka, hadi siku inashuka bonge zima. Mawimbi hulichuja bonge hilo: udongo unakwenda na maji, vizito vinabaki. Ndiyo maana ufuko umejaa vigae na shanga, na mgeni akiviona hufurahi. Kigae kilichoanguka bado kinaweza kusema kimetengenezwa wapi. Kilifika lini, pamoja na nini, na kilitupwa na nyumba gani, hakiwezi tena kusema.

Mwezi wa kuogopwa ni Machi. Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, yaani Machi na Septemba. Ile ya Septemba huukuta ufuko huu wa upande wa kaskazini umekingwa na kisiwa chenyewe dhidi ya kusi. Ile ya Machi huikuta kaskazi haijatulia na masika yanabisha hodi. Maji yako juu, wimbi linakuja uso kwa uso, na mvua inaulowesha ukingo kwa nyuma. Si kila kinachoanguka kimeangushwa na bahari. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye njia za miguu huchimba vifereji ukingoni, na kila kifereji ni mlango wa wimbi lijalo. Hili linatibika bila mkandarasi: tuta la mawe na udongo wa kuletwa, kimo cha sentimita 30, likwepeshe maji hadi kwenye mwamba. Tunasema tuta, si mtaro. Mtaro ukichimbwa pale unakata tabaka zilezile tunazotaka kuziokoa.

2. Ukuta wima

Kila fedha ya kulinda pwani inapotajwa, mchoro wa kwanza kutolewa mezani ni ukuta wa zege. Tunaomba mchoro huo urudishwe kabatini.

Ukuta wima hauliui wimbi, hulirudisha. Wimbi linaporudi huchota mchanga mguuni mwa ukuta. Mchanga ukishuka, maji mbele ya ukuta yanaongezeka kina, na wimbi linalofuata linakuja kubwa kuliko lililotangulia. Baada ya misimu kadhaa msingi uko wazi, udongo wa nyuma unanyonywa kupitia nyufa, ukuta unainama. Pale unapoishia, maji hugeuka na kuila ardhi ya jirani kwa kasi zaidi kuliko awali, na jirani akilalamika ukuta unarefushwa. Tena ufuko wenyewe, mteremko ule wa kukalishia chombo, unakuwa umekwisha. Mtakuwa mmeokoa ukuta wa ngome kwa kuizika bandari.

Tunakubali kwamba mguuni mwa Gereza hakuna nafasi ya kurudi nyuma, na kitu kigumu hakikwepeki. Basi kiwe mteremko wa mawe, kimo kimoja kwa urefu wa mara mbili, ili wimbi lipande na kuchoka. Kama ni makapu ya waya, waya uwe na gamba la plastiki, kwa sababu waya wa kawaida katika chumvi huoza na mawe yakamwagika ufukweni, yakatoboa madau. Nyuma ya mawe uwekwe kitambaa cha kuchujia, la sivyo udongo utapita kati ya mawe taratibu na shimo litatokea juu bila mtu kujua limetoka wapi. Safu ya chini ifukiwe chini ya kiwango ambacho mchanga hushuka katika msimu mbaya, si kiwango cha siku ya ukaguzi. Na kabla jiwe la kwanza halijalazwa, wataalamu wa malikale wachimbe na kuchora pale litakapokaa. Mawe yenyewe yatoke bara. Yasitoke kwenye magofu, wala kwenye mwamba wa matumbawe baharini.

3. Mikoko kupandwa pasipo pake

Mikoko tunaitaka. Tunacholalamikia ni upandaji wa sherehe: fulana, hotuba, miche, picha, kisha miezi sita baadaye vijiti vikavu.

Sababu inajulikana kwa kila mkata boriti. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, mbegu yake ni ndefu kama kalamu nene, rahisi kubeba na kuchomeka, ndiyo maana huwa unachaguliwa. Lakini mahali pake ni kwenye tope, nyuma. Mbele, panapopigwa na maji na penye mchanga, hukaa mlilana na mchu. Ndani kabisa, panapofikiwa na bamvua tu, hukaa mkandaa. Ukiupeleka mkoko mstari wa mbele, mchanga unaohama utaufukia au wimbi litaung'oa kabla mizizi haijashika. Mchu na mlilana vina mbegu ndogo, vinataka kwanza kukuzwa kwenye viriba kwa miezi kadhaa, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa, maana sherehe haisubiri kitalu.

Kuna kosa la pili: kupanda mbele ya Gereza penyewe. Pale ndipo vyombo hutua, leo kama zamani. Mikoko ikifaulu pale, tope litajikusanya na mlango utafungwa. Mizizi nayo itapenya kwenye tabaka. Ipandwe pembeni, kwenye vijito na matope yaliyowahi kuwa na mikoko ikakatwa, na mlango wa kutulia ubaki wazi kwa upana wa mita 40, nafasi ya jahazi kuingia na kugeuka.

4. Mchanga na matumbawe

Mchanga unaondoka kwa viroba, na kiroba kimoja hakionekani kuwa kitu. Hesabu yake ni hii. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa takriban tani 1.6, yaani viroba 32 vya kilo 50. Kipande cha ufuko chenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 5 kikishushwa sentimita 20 tu, mchanga uliotoka ni viroba 1,600. Idadi hiyo inamalizwa na majengo machache, na sentimita 20 zinatosha kuifanya bamvua iliyokuwa inaishia mchangani iguse mguu wa ukingo. Mnunuzi naye anaumia. Chumvi iliyo kwenye mchanga wa bahari hula nondo ndani ya zege na hutoa ungaunga mweupe kwenye lipu.

La matumbawe ni gumu zaidi kwa sababu linatugusa sisi mafundi. Magofu hayakarabatiwi kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipitishi unyevu. Chumvi inanasa ndani ya jiwe, jiwe linamung'unyika, saruji inabaki imesimama kama ganda la yai. Lazima itumike chokaa, kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, mchanga wa bara usio na chumvi. Chokaa hiyo huchomwa kwa jadi hivi: magogo hupangwa duara, mawe hupandishwa juu, moto huwashwa katikati, kisha majivu meupe huachwa yapigwe na umande na mvua hadi yalainike. Sasa tazama malighafi zake. Magogo yanayopendwa ni ya mikoko, na mawe mepesi kupatikana ni ya mwambani. Mwamba ndio unaolivunja wimbi kabla halijafika ufukweni, na mikoko ndiyo inayolichosha. Ukarabati usiosimamiwa unaweza kuutengeneza msikiti kwa kuuondolea ufuko walinzi wake wote wawili. Kila mkataba wa ukarabati uandike chanzo cha jiwe na chanzo cha kuni: jiwe la kuchimbwa nchi kavu, kuni za shamba la miti.

5. Vigae

Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863. Hata hivyo vigae vinaondoka mifukoni mwa wageni. Bango moja la Kiswahili na la lugha za wageni pale wanaposhukia lingepunguza. Wala tusiambiwe tuviokote tuvilete ofisini kwa ndoo. Kigae kilichohamishwa bila kuandikwa kimetoka wapi kimepotea mara ya pili.

6. Gati na boti

Pakihitajika pa kushushia wazee na wagonjwa, lijengwe gati la nguzo, maji na mchanga vipite chini yake. Gati la kujazwa mawe huuzuia mchanga unaotembea kandokando ya pwani: upande mmoja unarundikana, upande wa pili unakonda. Boti za injini zipunguze mwendo zikiukaribia ufuko, hasa maji yanapokuwa yamejaa, maana hapo ndipo wimbi lake linapofika ukingoni. Mradi wa bandari ya uvuvi wa Masoko hatuupingi. Samaki ni wetu. Tunaomba tu mwenendo wa vyombo vikubwa mlangoni upimwe athari zake upande huu wa pili pia.

Majibu tunayoyajua

Tutaambiwa kwamba eneo hili liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, likawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na likaondolewa humo mwaka 2014, kwa hiyo kazi imekwisha. Kazi iliyofanywa tunaishukuru. Lakini hata mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka wodini hupewa tarehe ya kurudi kliniki.

Tutaambiwa bahari inapanda dunia nzima. Ni kweli, na hiyo ni sababu ya kuacha kuusaidia upandaji huo kwa viroba na kuta.

Tutaambiwa wanaochota mchanga ni sisi wananchi. Baadhi yetu ndiyo. Mchanga wa bara unalipiwa nauli ya mashua na wa ufukweni ni bure, na mtu anayejenga choo cha familia hahesabu karne. Tengeni chanzo kimoja cha mchanga bara, ingizeni usafiri wake kwenye bajeti za miradi ya kijiji, halafu ndipo mkataze. Miradi mikubwa haina udhuru: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Na tutaambiwa hakuna fedha, utafiti unasubiriwa. Utafiti wa kwanza unagharimu mbao mbili, kamba, daftari na mpira wa maji wa fundi ujenzi, ule wa kulinganishia vimo, kama tutakavyoeleza.

Tunachoomba

(a) Upimaji wa kila mwezi. Alama 8 za rangi, kila mita 50, zipigwe juu ya mawe yaliyokwisha kuwa juu ya ardhi, si nguzo za kuchimbia. Kila mwezi, siku ya bamvua maji yakiwa yamekupwa, upimwe umbali kutoka alama hadi ukingo, kisha kimo cha mchanga kila baada ya mita 2 kushuka hadi majini. Mahali pengine hutumia upeo wa bahari kama mstari wa kulinganishia. Hapa haufai, Masoko imeziba mbele, ndiyo maana tunataja mpira wa maji. Vipimo vichukuliwe miezi 12 bila kuruka. Ufuko hupungua kwa upepo mmoja na kurudi kwa mwingine, na anayepima mara mbili kwa mwaka hawezi kutofautisha mchanga uliosafiri na mchanga uliokufa.

(b) Kila baada ya bamvua za Machi, mtaalamu wa malikale asafishe uso wa ukingo ulioanguka, achore tabaka zake, achekeche kilichodondoka kwa wavu wa milimita 5, aandike na kuhifadhi. Vijana wa kisiwani wafundishwe kazi hiyo na walipwe.

(c) Tuta la kukwepesha maji ya mvua lijengwe kabla ya masika, kwanza juu ya Gereza, kisha Msikiti wa Malindi.

(d) Ujenzi wowote mgumu ufukweni usimamishwe hadi vipimo vya miezi 12 vipatikane, isipokuwa mguuni mwa Gereza kwa masharti ya namba 2.

(e) Ufuko utajwe kwa jina na mipaka katika mpango wa usimamizi wa eneo, kuanzia ukingo hadi maji ya kupwa ya bamvua, kama bandari ya kale ambayo bado inatumika. Haki ya kutua vyombo vya tanga iandikwe humohumo, ili ulinzi usije siku moja ukawa uzio wa kutuzuia sisi.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya bamvua za Machi. Siku ya kwanza ya bamvua hiyo tutakuwa ufukweni kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, na mpira wa maji na daftari. Mashua inaondoka Masoko saa 3, na nafasi ya atakayetumwa na ofisi zenu tumeiweka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Manahodha, wavuvi, mafundi chokaa na waongoza wageni wa Kilwa

Nakala: Serikali ya kijiji, mbao za matangazo za Masoko na Kivinje